Kubadili gasketi ya silinda hedi kwenye Corolla 110 iliyochemsha mlimani

Toyota Corolla 110 ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1995, kwa hiyo hata zile za mwisho mwisho unazoziona leo Mwanjelwa au Mafinga zimeshapita miaka 20. Injini yake iliyozoeleka huku kwetu, 5A-FE ya cc 1,498, ni ngumu, na kinachoimaliza mara nyingi ni kuchemshwa kuliko wingi wa kilomita. Bloku yake ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka kupita chuma. Injini ikichemsha kupita kiasi hedi inajipinda, gasketi iliyobanwa katikati inaachia, na hapo maji, oili na moto wa silinda vinaanza kuingiliana.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kushika spana na mwenye nafasi ya kuliacha gari limesimama siku kadhaa, au kijana anayejifunza gereji anayetaka kujua kwa nini kila hatua inafanywa. Kwenye magari mengine madogo yanayovuta kwa matairi ya mbele, kama Starlet au Carina, mtiririko wa kazi unafanana, lakini vipimo vya toki, yaani nguvu ya kukaza bolti, vinatofautiana. Namba nilizoandika hapa ni za 5A-FE tu.

Kabla ya kufungua chochote, shika hili: gasketi haiungui yenyewe. Kuna kitu kilichochemsha injini, na ukibadili gasketi ukakiacha kitu hicho palepale, utafungua hedi tena kabla msimu haujaisha. Gari linatoka gereji na gasketi mpya, linapanda mlima Kitonga, linarudi kwenye jeki. Nusu ya kazi hii ni kutafuta chanzo.

Je, ni gasketi kweli?

Watu wa nyanda za juu tuna tatizo ambalo mtu wa Dar halijui. Asubuhi ya Juni au Julai Mbeya, Njombe au Makete kila gari linatoa moshi mweupe. Huo ni mvuke wa kawaida wa eksozi ya baridi, na unakwisha injini ikipata joto. Vilevile gari linalotembea safari fupi fupi kwenye baridi hujenga povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili, kwa sababu unyevu unakusanyika pale na injini haipati joto la kutosha kuukausha. Usifungue hedi kwa dalili hizo mbili peke yake.

Dalili za kuamini ni hizi. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, na maji yanapungua bila kuvuja popote. Oili iliyogeuka maziwa kwenye stiki yenyewe, si kwenye kifuniko tu. Mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha. Maji bado ya baridi, kwa hiyo mgandamizo huo unatoka kwenye silinda. Au fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa, jaza maji, washa, uangalie: mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma ni moto wa silinda unaopita kwenye maji. Kifuniko hicho usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya mgandamizo yanaruka usoni yakiwa mvuke.

Ukipata geji ya kompresheni, ng'oa plagi zote, zima mfumo wa moto na wa petroli, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata na upime silinda moja moja. Ujue kwamba namba za vitabu ni za usawa wa bahari. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na geji itasoma chini karibu kwa sehemu moja ya tano. Wapo waliovunja injini nzima kwa sababu ya hilo. Linganisha silinda kwa silinda: tofauti ya zaidi ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 14 hivi, si ya kawaida. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika kati yake.

Tafuta kilichochemsha

Anza na kifuniko cha rejeta, kwa sababu ni rahisi na hudharauliwa. Mbeya maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko kizima hubana maji na kuongeza kiwango hicho kwa nyuzi 20 hivi. Mpira wake ukichanika, maji yako yanachemka wakati mshale wa dashibodi haujafika hata kwenye nyekundu. Nunua chenye namba ileile ya mgandamizo iliyoandikwa kwenye kile kilichokuja na gari.

Kisha feni. Kwenye Toyota nyingi za rika hili, ukifungua swichi na kuchomoa waya wa sensa ya joto ya feni, feni inapaswa kuzunguka. Isipozunguka angalia fyuzi, rilei na mota. Rejeta iangalie kwa nje, kama mapezi yamezibwa na vumbi na mbegu za nyasi, na kwa ndani, kama maji yanashuka kwa nguvu au yanadondoka. Gari lililotembelea maji matupu kwa miaka mingi linakuwa na kutu ya rangi ya tofali hadi kwenye bloku. Wota pampu ya injini hii huzungushwa na fanbelti ya nje, wala haihusiani na taiming belti (ile ya ndani inayozungusha kemshafti, shafti inayofungua valvu): angalia belti imebana, na tundu dogo lililo chini ya pampu halitoi maji.

Halafu thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na hapa sitazunguka. Tabia ya kuing'oa na kuitupa imeenea mno, na nyanda za juu ndiko inakofanya madhara makubwa kuliko kwingine. Injini isiyo na thamostati haifiki joto lake kwenye baridi yetu. Kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama vile gari limewashwa sasa hivi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika, na hita haifanyi kazi siku unayoihitaji. Kuipima ni kazi ya jikoni: itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uchemshe taratibu. Ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikibaki imefunga mpaka maji yanachemka, imekufa. Ikiwa imefunguka ndani ya maji baridi, nayo imekufa. Nunua mpya, na iwe ni thamostati halisi. Wakati wa kuifunga, kile kivalvu kidogo kinachochezacheza pembeni yake kikae juu, ili hewa ipate njia ya kutoka.

Kununua na kukusanya

Nunua gasketi kiti ya juu nzima: gasketi ya hedi, za manifoldi zote mbili, ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi), na sili za valvu. Taiming belti inapendekezwa ibadilishwe kila kilomita 100,000, na kwa kuwa unaifungua hata hivyo, weka mpya pamoja na tensena (puli inayoibana). Nunua fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), rula ndefu ya chuma iliyonyooka, soketi ya pembe 12 namba 10 ya bolti za hedi, na upate toki renchi hata ya kuazima. Kama huwezi kuipata toki renchi, ahirisha kazi. Mkono wa fundi mzoefu unajua mengi, lakini hauwezi kusawazisha bolti kumi kwa kiwango ambacho gasketi hii inakidai.

Kufungua

1. Acha injini ipoe usiku mzima. Hedi ya aluminiamu ikifunguliwa ya moto inajipinda hata kama ilikuwa nzima.

2. Fungua terminali ya hasi ya betri. Mwaga maji kwenye ndoo, usiyaache chini. Kulenti (dawa ya maji ya rejeta) ina utamu na ni sumu. Kuku na mbwa wataifuata. Mwaga na oili pia.

3. Piga picha kwa simu kila upande kabla ya kugusa. Kisha toa chujio la hewa na bomba lake, chomoa plagi za waya na mipira ya vakyumu, na kila kimoja kifunge kipande cha plasta chenye namba. Bomba la petroli lilegeze taratibu ukiwa umelifunika kwa kitambaa, maana lina mgandamizo, na pasiwe na moto wala sigara karibu.

4. Toa plagi, distributa na tapeti kava. Distributa ichore alama mahali ilipokaa kabla ya kuilegeza.

5. Injini imelala kiupande, na taiming belti iko upande wa kulia, karibu na bodi, pembamba pasipo na nafasi. Weka jeki na kipande cha mbao chini ya sampu (bakuli la oili) ili ibebe uzito, ndipo ufungue maunti ya kulia. Zungusha krankshafti (shafti kuu ya chini) kwa bolti ya puli, kwa mwendo wa saa, hadi alama ya puli ikae kwenye 0 na tundu dogo la puli ya kemshafti likutane na alama iliyo kwenye kifuniko cha beringi. Zikipishana, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Ukishapata, legeza tensena na utoe belti.

6. Bolti za hedi zimefichwa chini ya kemshafti, kwa hiyo lazima kemshafti zitoke. Belti huzungusha kemshafti moja, na hiyo huzungusha ya pili kwa gia. Gia ya kemshafti ya upande wa hewa ina gia nyembamba ya pembeni yenye springi. Kabla ya kuitoa, funga hizo gia mbili pamoja kwa bolti ndogo ya milimita 6 kwenye tundu lililowekwa kwa kazi hiyo. Usipofanya hivyo springi inaachia, na kuirudisha ni kazi ya ziada. Geuza kemshafti ikae bila kusukumwa upande mmoja na valvu, kisha legeza bolti za vifuniko vya beringi kidogo kidogo, kwa zamu. Kemshafti ipande juu ikiwa imelala sawa. Ikiinuka upande mmoja, rudisha kifuniko, uanze upya, maana inaweza kukatika. Vifuniko vina namba na mishale. Vipange hivyohivyo kwenye kipande cha boksi. Tapeti na vibati vyake navyo, kila kimoja na nafasi yake.

7. Fungua manifoldi ya eksozi kutoka kwenye bomba lake. Kama nati zina kutu, zimwagie mafuta ya kupenya jana yake.

8. Bolti kumi za hedi zilegeze kwa raundi tatu, ukianzia ncha za nje kuingia katikati. Zina urefu wa aina mbili: milimita 90 upande wa hewa, milimita 108 upande wa eksozi. Zitenge. Hedi ikigoma kutoka, itikise kwa mbao kwenye sehemu zilizojitokeza. Usichomeke bisibisi kati ya hedi na bloku. Mkwaruzo mmoja pale ni njia ya maji.

Kupima

Gasketi ya zamani usiitupe. Ilaze mezani uisome. Mahali ilipoungua au kukatika ndipo pa kutazama kwenye hedi na kwenye bloku.

Safisha uso wa hedi kwa kipande cha plastiki ngumu au mbao na kemikali ya kulainisha gasketi. Jiwe la grainda lisiguse aluminiamu. Linachimba mabonde usiyoyaona kwa macho, na unga wake ukiingia kwenye njia za oili unakwenda kula beringi. Bloku nayo isafishe huku silinda zimezibwa kwa matambara.

Sasa simamisha rula kwa ubavu juu ya hedi: pande mbili ndefu, ncha mbili, kisha kona kwa kona mara mbili. Kila mahali jaribu kupitisha fila ya milimita 0.05 chini ya rula. Ikipita, hedi imepinda kupita kiwango na inahitaji kuskimiwa, yaani kukatwa uso unyooke, kwa mashine. Fanya vivyo hivyo kwenye uso wa bloku. Wengi wanaipeleka hedi kuskimiwa bila kuipima, na bloku hawaigusi kabisa. Hedi iliyonyooka juu ya bloku iliyopinda haikai.

Ukiipeleka kwa fundi wa mashine, mwambie akate kidogo iwezekanavyo, tu mpaka uso unyooke. Kila anachokata kinaongeza kompresheni na kusogeza taiming, na hedi iliyokatwa mara mbili tatu huko nyuma haina tena nyama ya kutosha. Mwombe pia aipime nyufa kwa mgandamizo wa maji au hewa, hasa kwenye daraja jembamba lililo kati ya viti vya valvu, ambako ufa hupenda kuanzia. Kama ina ufa, tafuta hedi nyingine ya mtumba, nayo uipime kabla ya kulipa.

Valvu unazipima mwenyewe. Igeuze hedi, plagi zikiwa mahali pake, mimina petroli kidogo kwenye kila chumba cha moto, usubiri. Ikipenya kwenye mlango wa hewa au wa eksozi, valvu hiyo inahitaji kusagwa. Sili za valvu badili zote, hilo halina mjadala.

Kufunga

Matundu ya bolti kwenye bloku yasafishe hadi chini. Maji au oili ikibaki ndani, bolti ikishuka inaibana, na kwa kuwa kimiminika hakibanwi, toki renchi inalia "imefika" wakati hedi haijabanwa, au bloku inapasuka. Puliza kwa kompresa huku umevaa miwani.

Gasketi iwekwe kavu. Usiipake silikoni, grisi wala rangi. Itazame mara mbili: matundu ya maji na ya oili yalingane na ya bloku, na pini za mwongozo zipo. Shusha hedi wima, isiburuzwe.

Paka oili nyepesi kwenye nyuzi za bolti na chini ya vichwa vyake. Fupi upande wa hewa, ndefu upande wa eksozi. Kaza ukianzia katikati kwenda nje kwa mzunguko, raundi kadhaa, mpaka zote zifike Nm 29. Kisha chukua rangi ya kucha au peni ya rangi, weka nukta kwenye kila kichwa cha bolti upande unaotazama mbele ya injini. Kwa mpangilio uleule zungusha kila moja nyuzi 90, yaani robo mzunguko. Ukimaliza kumi zote, rudi tena nyuzi 90. Mwishoni kila nukta inatazama nyuma. Moja ikitazama kwingine, umeiruka. Bolti iliyorefuka au yenye nyuzi zilizochoka usiirudishe.

Rudisha tapeti, kemshafti na vifuniko, bolti za vifuniko Nm 13, kwa zamu. Toa ile bolti ya milimita 6 uliyofungia gia. Ikisahaulika ndani, hutaki kujua matokeo yake. Linganisha alama za taiming, vaa belti, bana tensena, halafu zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Alama zikirudi mahali pake, endelea. Zikikosana hata jino moja, vua belti upange tena. Ukihisi kitu kigumu wakati wa kuzungusha, simama, usilazimishe. Nyaya za plagi zifuate mpangilio wa 1-3-4-2. Silikoni kidogo inaruhusiwa kwenye kona za tapeti kava tu.

Maji, oili na kuwasha

Weka oili mpya na filta mpya. Kwenye mfumo wa maji tia kulenti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Kulenti inapandisha kiwango cha kuchemka, inazuia kutu, na usiku wa baridi kali wa Kitulo au Makete inazuia maji kuganda ndani ya bloku.

Hewa iliyobaki kwenye mfumo imeua gasketi nyingi mpya. Egesha gari pua ikiwa imepanda mlimani, na huku mahali pa namna hiyo hapakosekani. Fungua hita mpaka mwisho wa moto, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, washa, uongeze maji taratibu kadiri mapovu yanavyotoka. Thamostati ikifunguka utaona maji yanazama ghafla na mpira wa chini unapata joto. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, hita ikitoa hewa ya moto sawasawa, ndipo ufunge.

Siku ya kwanza zunguka mjini tu. Likipoa kabisa, pima maji na oili. Kama vyote vimetulia, kesho yake nenda hadi Uyole na uanze kupanda Uporoto kuelekea Tukuyu, gia ndogo, bila kulikamua, macho kwenye mshale wa joto. Ukifika juu egesha, acha injini izunguke polepole dakika chache kabla ya kuzima, kisha uangalie chini ya gari. Kama oili ya zamani ilikuwa imechanganyika na maji, hiyo mpya imwage baada ya kilomita 500 hivi, kwa sababu mabaki yatakuwa yameingia humo. Mizigo na abiria wa kujaza viti vyote visubiri mpaka ujazo wa maji ukae palepale asubuhi kadhaa mfululizo.